Kuoza kwa Mbatata: Namna ya Kutambua Vimelea Vinavyohusika

Mbatata, ambayo Tanzania Bara hujulikana zaidi kwa jina la viazi mviringo, ni chakula kilichozoeleka katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba. Hutiwa katika urojo, hutengenezewa katlesi na chipsi, na huungwa katika mchuzi wa siku za kawaida na wa siku za sherehe. Hata hivyo, zao hili hupenda baridi, na kwa sababu hiyo Visiwa hutegemea mbatata inayolimwa katika nyanda za juu za Bara. Miongoni mwa sehemu zinazoilima kwa wingi ni Mkoa wa Njombe, ambao ulitengwa na Mkoa wa Iringa mwaka 2012. Kutoka mashamba ya mkoa huo, mapolo hukusanywa na kupitishwa Makambako, mji uliopo katika njia panda ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya na ile iendayo Njombe na Songea. Kutoka hapo mzigo husafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Dar es Salaam, kisha huvuka bahari.

Katika safari hiyo ndefu, hasara kubwa hutokana na kuoza. Mkulima huona mbatata yake imeharibika ghalani, mchukuzi huona maji yakivuja chini ya mapolo, na mfanyabiashara wa Visiwani hufungua polo akakuta nusu yake haifai kuuzwa. Kila mmoja wao husema kwamba mbatata "imeoza", na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Lakini kuoza ni dalili tu, kama ilivyo homa kwa mwanadamu. Homa inaweza kuletwa na malaria au na maradhi mengine mengi, na daktari hatoi dawa kabla ya kujua chanzo chake. Vivyo hivyo, mbatata huozeshwa na vimelea vya aina mbalimbali, na kila aina ina njia yake ya kuingia, kuenea na kuzuiliwa. Anayekosea kutambua kimelea hupoteza fedha za dawa, na pengine huchukua maradhi katika shamba moja na kuyapanda katika shamba jingine.

HALI YA HEWA INAYOLEA VIMELEA

Mji wa Njombe upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua zake huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo ukungu wa asubuhi hutanda mashambani kwa saa nyingi. Hali hiyo ya ubaridi na unyevu ndiyo inayoistawisha mbatata, na ndiyo hiyo hiyo inayovistawisha vimelea vinavyoishambulia. Kwa hiyo mkulima wa Njombe hana njia ya kuyakimbia maradhi haya kabisa. Linalowezekana ni kuyatambua mapema.

MAKUNDI MATATU YA VIMELEA

Inafaa ieleweke kwamba vimelea vinavyoozesha mbatata vimo katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la kuvu halisi. Hizi ni viumbe vyenye nyuzi nyembamba sana, vinavyozaliana kwa spora, yaani chembe ndogo za uzazi zinazopeperushwa na upepo au kuchukuliwa na maji na udongo. Mfano wake mkubwa ni Fusarium.

Kundi la pili ni la viumbe vinavyofanana na kuvu kwa umbile, lakini si kuvu kwa asili. Mkuu wao ni Phytophthora infestans, anayeleta ugonjwa wa bakajani chelewa. Kuta za chembe zake zimejengwa kwa selulosi, kama zile za mimea, na wataalamu humhesabu kuwa jamaa wa mwani wa rangi ya kahawia, ambao ni tofauti na mwani mwekundu unaolimwa Paje na Jambiani. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mkulima, kama itakavyoelezwa hapo mbele, kwa sababu baadhi ya dawa zinazoua kuvu halisi hazimdhuru kiumbe huyu hata kidogo.

Kundi la tatu ni la bakteria. Hawa hawana nyuzi wala ukungu, na hakuna dawa ya ukungu inayowaondoa.

Bakajani chelewa ndio ugonjwa uliowafundisha walimwengu umuhimu wa jambo hili. Mwaka 1845 ugonjwa huo uliingia Ireland, ambako maskini walitegemea mbatata kuwa chakula chao cha kila siku. Katika njaa iliyofuata walikufa watu wapatao milioni 1, na wengine wengi wakahama nchi. Wakati huo wengi waliamini kwamba ukungu ulioonekana juu ya majani ulitokana na kuoza, wala haukuwa chanzo chake. Mchungaji Miles Berkeley wa Uingereza alishikilia mwaka 1846 kwamba ukungu ule ndio uliokuwa ukiua mimea. Baadaye mtaalamu wa Kijerumani, Anton de Bary, alithibitisha jambo hilo kwa majaribio, na mwaka 1876 akakipa kimelea hicho jina kinachotumika hadi leo. Katika Afrika Mashariki ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1941. Katika miaka ya karibuni, uchunguzi wa vinasaba umeonesha kwamba ukoo wa zamani wa kimelea hicho umesukumwa kando katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na ukoo mwingine uliotoka Ulaya, unaojulikana kwa alama ya 2_A1.

ALAMA ZA KUANGALIWA

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji mashine. Unahitaji macho, pua na kisu kikali kilicho safi. Mbatata ikatwe katikati, kuanzia kitovu, yaani pale iliposhikana na mmea mama, hadi upande wa pili. Alama zifuatazo ziangaliwe kwa makini:

(a) Bakajani chelewa. Shambani, majani hupata mabaka yenye rangi ya maji machafu, ambayo hugeuka kuwa meusi, na asubuhi yenye unyevu huonekana ukungu mweupe upande wa chini wa jani. Mvua huosha spora kutoka majanini na kuzishusha udongoni, zikaifikia mbatata. Ganda lake hubonyea kidogo na kuwa na rangi ya zambarau au kahawia. Ikikatwa, nyama yake huonesha rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, iliyosambaa bila mpaka ulionyooka kutoka kwenye ganda kuelekea ndani. Uozo huo huwa mkavu na wenye chengachenga, isipokuwa bakteria wakiufuata.

(b) Uozo mkavu wa Fusarium. Huu hauonekani siku ya kuvuna, bali baada ya majuma kadhaa ghalani. Kuvu hii haiwezi kupenya ganda zima. Huingia kwa jeraha la jembe, la kutupwa au la kubanwa. Ganda hunywea na kujikunja kwa duara moja ndani ya jingine. Ndani hupatikana mashimo yaliyojaa ukungu mweupe, wa manjano au wa waridi, na mwishowe mbatata yote hukauka ikawa nyepesi na ngumu.

(c) Uozo wa maji wa Pythium. Hutokea mbatata inapovunwa katika udongo wenye joto au inapoachwa juani. Nyama huwa ya kijivu, kisha nyeusi, na sehemu mbovu hutenganishwa na sehemu nzima kwa mstari ulio dhahiri. Ikibinywa, hutoa maji mengi.

(d) Uozo wa waridi. Huletwa na jamaa mwingine wa Phytophthora, na hutokea zaidi katika udongo unaotuamisha maji. Alama yake ni ya pekee: nyama iliyokatwa huonekana karibu na kawaida mwanzoni, lakini ikikaa hewani kwa muda wa nusu saa hivi hugeuka kuwa ya rangi ya waridi, na baadaye nyeusi.

(e) Mnyauko bakteria. Mmea hunyauka ghafla hali ya kuwa bado ni wa kijani na udongo una maji. Mbatata ikikatwa huonesha pete ya kahawia iliyozunguka chini kidogo ya ganda, na ikibinywa hutoa matone mazito kama maziwa kutoka kwenye pete hiyo. Mara nyingi udongo huganda kwenye macho ya mbatata kwa sababu ya ute huo. Kimelea chake ni Ralstonia solanacearum.

(f) Uozo laini. Nyama hugeuka uji wa rangi ya maziwa, na harufu yake mbaya hutangulia kabla polo halijafunguliwa. Bakteria wa uozo huu hupenda joto, maji na mahali pasipo na hewa. Kwa hiyo huenea upesi katika mapolo yaliyorundikwa na kufunikwa turubai, na ndio wanaolaumiwa mara nyingi bandarini.

VIPIMO VIWILI RAHISI

Kuna vipimo viwili ambavyo mkulima au bwana shamba anaweza kuvifanya mwenyewe.

Cha kwanza ni cha gilasi ya maji. Kikatwe kipande cha shina la mmea ulionyauka, karibu na ardhi, chenye urefu wa sentimita 2 au 3, kisha kining'inizwe ndani ya gilasi angavu yenye maji safi yaliyotulia. Zikishuka nyuzi nyeupe kama moshi wa maziwa baada ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Mmea ulionyauka kwa sababu ya kuvu au kiu hautoi nyuzi hizo.

Cha pili ni cha unyevu. Kipande cha mbatata chenye mpaka wa sehemu nzima na sehemu mbovu kiwekwe juu ya karatasi iliyoloweshwa, ndani ya chombo chenye kifuniko, na kiachwe mahali pa baridi kwa siku 1 au 2. Bakajani chelewa huota ukungu mweupe, mwepesi na mfupi. Fusarium huota taratibu zaidi, na ukungu wake hukusanyika kama pamba, mara nyingi wenye rangi. Kikiyeyuka na kunuka bila kuota ukungu wowote, bakteria ndio wa kushukiwa kwanza.

KAZI YA MAABARA

Vipimo hivyo hutoa dalili yenye nguvu, lakini hukumu ya mwisho ni ya maabara. Ugumu wake ni kwamba mbatata ikishaanza kuoza hualika viumbe vingi. Kimelea cha kwanza hufungua mlango, na wengine huingia kula mabaki. Fisi anayekutwa kwenye mzoga si lazima awe ndiye aliyemuua mnyama, na kuvu inayoonekana juu ya mbatata iliyooza kabisa si lazima iwe ndiyo iliyoanzisha maradhi. Kwa sababu hiyo mtaalamu huchukua vipande vidogo kutoka kwenye mpaka wa sehemu nzima na sehemu mbovu, ambako kimelea chenyewe bado kinasonga mbele. Vipande hivyo husafishwa kwa dawa hafifu ya klorini, huoshwa kwa maji safi, kisha huwekwa juu ya agari, yaani chakula cha kuoteshea vimelea.

Chakula kinachotumika zaidi kwa kuoteshea kuvu hutengenezwa kwa maji ya mbatata yenyewe pamoja na sukari. Fusarium huota juu yake bila taabu, na chini ya hadubini spora zake kubwa huonekana zimepinda kama mundu. Phytophthora infestans ni mteuzi zaidi, na huhitaji chakula cha nafaka ya rai au cha mchanganyiko wa mboga. Vifuko vyake vya spora vina umbo la ndimu. Maabara zenye uwezo mkubwa zaidi husoma pia vinasaba vya kimelea, njia ambayo hutenganisha hata aina zinazofanana kabisa kwa macho.

Ili kuondoa shaka, kimelea kilichopatikana hupandikizwa katika mbatata nzima yenye afya. Ikiwa mbatata hiyo itaoza kwa dalili zile zile, na kimelea kile kile kikapatikana tena ndani yake, basi chanzo kimethibitika. Kanuni hii inatokana na kazi ya Robert Koch wa Ujerumani katika miaka ya 1880, na hutumika kwa maradhi ya watu, wanyama na mimea.

Sampuli zipelekwe zikiwa katika hali nzuri. Zichaguliwe mbatata zilizoanza tu kuugua, kwani zilizokwisha kuwa uji hazifai. Zifungwe katika karatasi au mfuko wa khaki, kwani mfuko wa plastiki hukusanya jasho na kuongeza uozo. Kila mfuko uandikwe jina la kijiji, aina ya mbatata, tarehe ya kuvuna, mahali mbegu ilipotoka na dawa zilizopigwa. Mkulima wa Njombe au Makambako hupitia kwa afisa ugani wa kata yake, na uchunguzi hufanywa na vyombo kama Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo ilianzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020.

DAWA ISIYOLENGA

Faida ya kutambua kimelea huonekana wazi wakati wa kununua dawa. Metalaksili hufanya kazi dhidi ya jamaa wa Phytophthora na Pythium, lakini haina nguvu juu ya Fusarium. Tena, ikitumika peke yake mara kwa mara, kimelea huizoea. Jambo hilo lilionekana Ireland na Uholanzi mwaka 1980, miaka michache tu baada ya dawa hiyo kuanza kutumika. Mankozebu hulinda majani yaliyo mazima kabla spora hazijaingia, lakini haiponyeshi jani wala mbatata iliyokwisha kuambukizwa. Ama mnyauko bakteria na uozo laini, hakuna dawa ya ukungu inayovigusa. Mkulima anayepulizia shamba lenye mnyauko bakteria kwa kudhani kuwa ni ukungu, hutoa fedha na nguvu zake bure, na wakati huo bakteria huendelea kuenea kwa maji, majembe na viatu.

BARIDI HUFICHA, JOTO HUFICHUA

Liko jambo moja linalohitaji kuzingatiwa zaidi kuliko yote. Aina ya Ralstonia inayoshambulia mbatata katika nyanda za juu huweza kukaa ndani ya mbatata bila kuonesha dalili yoyote maadamu hali ya hewa ni ya baridi. Shamba huonekana zuri, mbatata huonekana safi, na mkulima huchagua humo mbegu ya msimu ujao au humuuzia jirani. Ikipandwa katika sehemu yenye joto zaidi, maradhi hujitokeza, na bakteria hubaki katika udongo kwa misimu kadhaa. Kwa hiyo kuangalia kwa macho hakutoshi kuthibitisha mbegu. Ndiyo maana mbegu iliyopimwa na kuthibitishwa na Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu Tanzania, TOSCI, ina thamani kuliko bei yake, na ndiyo maana mbatata iliyonunuliwa sokoni kwa chakula haifai kupandwa.

USHAURI KWA WANAOHUSIKA

Wakulima wanashauriwa kuinulia udongo matuta yao ili spora zisiifikie mbatata, kukata majani na mashina kiasi cha wiki 2 kabla ya kuvuna ili ganda likomae, na kuvuna wakati udongo umekauka. Mbatata iliyovunwa ihifadhiwe mahali penye kivuli na hewa kwa siku 10 hadi 14 ili majeraha yapone kabla ya kuwekwa ghalani kwa muda mrefu. Shamba lililopata mnyauko bakteria lipandwe mahindi au ngano kwa miaka isiyopungua 3, wala lisipandwe nyanya, bilingani au pilipili.

Wachukuzi na wapakiaji wanakumbushwa kwamba lumbesa, yaani kujaza gunia kupita kipimo na kuliongezea kichwa, imekatazwa kisheria. Mbali na kumdhulumu mkulima katika kipimo, lumbesa huibana na kuijeruhi mbatata, na jeraha ndilo mlango wa Fusarium. Mapolo yasirushwe, yasikanyagwe, na yaachiwe nafasi ya kupita hewa.

Wafanyabiashara wa Unguja na Pemba wanashauriwa kufungua mapolo mara yanapofika, kuitenga mbatata mbovu siku hiyo hiyo, na kutoiosha ile nzima kabla ya kuihifadhi. Mbatata iliyooza isitupwe katika mabustani, na maji yaliyooshewa yasimwagwe humo, kwa kuwa bakajani chelewa hushambulia pia tungule, na mnyauko bakteria hushambulia tungule, bilingani na pilipili. Ifukiwe katika shimo refu, mbali na mashamba na visima.

Mwisho, kila mfanyabiashara anaombwa kuandika mahali mzigo wake ulipotoka na namna uozo ulivyoonekana: kama ulikuwa mkavu au wa maji, kama ulikuwa na pete, ukungu au harufu. Maelezo hayo mafupi, yakimfikia bwana shamba wa Visiwani na kutoka kwake yakamfikia mwenzake wa Njombe au Makambako, yatamwonesha mkulima aliyeipanda mbatata ile ni maradhi gani yaliyomo katika shamba lake, na kama mbegu aliyoiweka akiba inafaa kurudishwa ardhini.